Ishbel hataki bwawa ligande

Saa mbili asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Januari, mwanga ndiyo kwanza unajivuta juu ya vilima vya Lanarkshire. Ishbel Gourlay yuko katikati ya Bwawa la Carnshiel ndani ya boti ya bati, kasia mkononi, anayapiga maji kana kwamba yamemkosea. Kila akipiga, utando wa barafu ulioshika usiku unapasuka na vipande vinaelea kuelekea ukuta wa bwawa.

"Taratibu, mama! Utawaamsha samaki!" mzee mmoja anamfokea kutoka ufukweni.

"Nyamaza, Wattie! Ungekuwa na adabu, chai ingekuwa imeshachemka!"

Mzee anacheka, anaingia kibandani kuwasha jiko. Ishbel anaendelea kupiga. Kofia ya sufu imemfunika hadi kwenye nyusi na vidole vyake vimekuwa vyeupe. Leo, kuliko siku yoyote ya msimu huu, hataki kuona barafu hata ya kutia kwenye glasi.

Ana miaka hamsini na minane, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa mlinzi wa Carnshiel. Mlinzi ni jina tu. Ndiye anayewalisha samaki wa trauti vizimbani na kuwamwaga bwawani wakishanenepa, ndiye anayeuza tiketi, ndiye anayepika supu ya dengu. Ndiye pia anayechomoa ndoano kwenye masikio ya wateja, maana hapa watu huvua kwa nzi, yaani manyoya na uzi vilivyofungwa juu ya ndoano ndogo, na mshipi hurushwa kwa kuzungushwa juu ya kichwa.

"Upepo ukigeuka tu, naletewa sikio," anasema. "Kuna wiki masikio yanawashinda samaki."

Wakati wa joto wanakuja watu wa kila namna, wengine na magari ya kutisha. Watu wa baridi ni wengine kabisa. Ni wastaafu, wengi wamefiwa na wake zao, na wanakuja kila Jumamosi kusimama kwenye upepo unaokata mashavu kwa ajili ya samaki ambaye mara nyingi watamrudisha majini. Ukiwauliza kwa nini, wanakutazama kama umewauliza kwa nini wanapumua.

Wattie Meikle, dereva mstaafu wa basi, ndiye peke yake aliyenijibu mimi mwandishi. "Tangu mke wangu Nan afariki, Jumatatu hadi Ijumaa naongea na redio," alisema. "Jumamosi redio inapumzika."

Ni Wattie huyohuyo aliyeleta balaa. Majira ya baridi yaliyopita bwawa liliganda ghafla watu wakiwa bado wanavua, na nzi wake akanasa kwenye barafu hatua chache kutoka ufukweni. Mtu mwenye akili angekata mshipi. Lakini nzi huyo Wattie alimfunga mwenyewe, kwa manyoya ya kola ya koti la Nan, basi akamfuata kwa miguu. Barafu ikakatika, akazama hadi kiunoni. Ishbel alimvuta kwa ngazi ya kupakia rangi, na Wattie akatoka na nzi wake mkononi, midomo ya bluu, anatabasamu.

Mwenye bwawa, Bwana Fergus Haldane, hakutabasamu.

"Haldane si mtu mbaya," anasema Ishbel. "Ni mfugaji, mtu wa kondoo tu. Aliniambia, 'Ishbel, nakupa msimu mmoja. Bwawa likiganda, nafunga geti Novemba mpaka Machi, kila mwaka. Na likiwa wazi lakini hakuna anayepata kitu, nafunga vilevile. Sitaki wazee wafie kwangu wakisubiri bure.'"

Geti likifungwa, Ishbel hana kazi karibu nusu ya mwaka. Lakini ukimsikiliza vizuri, hilo si la kwanza analolitaja. La kwanza ni Wattie na redio yake.

Akaanza kuhangaika. Alinunua pampu ya hewa iliyokuwa ikiendesha mashine ya kukamulia ng'ombe kwenye shamba lililofungwa, akalaza bomba chini ya bwawa, kwenye kina kirefu kuliko pote. Mapovu yakapanda, maji yakachanganyika, barafu ikashindwa kushika. Desemba nzima Carnshiel lilikuwa wazi huku mabwawa ya jirani yamekuwa viwanja vya kuteleza.

Tatizo likawa moja: hakuna aliyepata samaki. Jumamosi tatu mfululizo watu walirusha, wakavuta, wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Dod Cairney, ambaye ni mvuvi hodari kuliko wote na hajawahi kulisahau hilo, alikuja kibandani na kugonga mlango. "Ishbel, umetujengea bwawa zuri la kuogelea. Taulo zetu ziko wapi?"

Ishbel alicheka naye. Alipoondoka, Ishbel alichukua kipimajoto, akakifunga kwenye uzi na kukishusha majini. Juu na chini, baridi ileile. Ndipo alipoelewa. Majira haya maji ya chini kabisa hubaki na uvuguvugu kidogo, na trauti hujificha humo. Mapovu yake yalikuwa yameyakoroga yote, na samaki wakafa ganzi.

"Niliwavua blanketi samaki wangu mwenyewe," anasema. "Nililia, siku ile. Kwa hasira."

Kesho yake alilivuta bomba zima na kulihamishia upande wa maji ya kina kifupi, ili pafunguke sehemu ya kutosha watu kuvua na kina kirefu kibaki na joto lake. Kile kipande kisichofikiwa na mapovu anakipasua kwa kasia kila alfajiri. Jumamosi iliyofuata samaki wawili walipatikana. Iliyofuata hapo, hakupatikana hata mmoja. Na leo Bwana Haldane anakuja mwenyewe kuona.

Anafika saa nne, mikono mifukoni. Ishbel anamkabidhi ufito wa kuvulia kabla hajasalimia vizuri. "Hapa Jumamosi hatuna watazamaji, bosi."

Haldane hajashika ufito tangu enzi za baba yake. Anasimama kati ya Dod na Wattie, anarusha kwa nguvu zake zote.

"Bwana Haldane," anasema Dod, "kondoo wako wa ng'ambo wamekukosea nini?"

"Kina kirefu kinaanzia hapa, samaki wako miguuni pako," Wattie anamwelekeza. "Rusha karibu. Mwache nzi azame, halafu vuta polepole, kama unamvua mtoto soksi na hutaki aamke."

Carnshiel ina desturi yake. Anayepata samaki wa kwanza wa siku lazima apaze sauti, ataje nzi wake na kina alichomvutia, bwawa zima lisikie. Kuficha ni aibu. Na huyohuyo wa kwanza ndiye anayeleta mikate ya kifungua kinywa Jumamosi inayofuata.

Saa tano inapita. Saa sita inapita. Hakuna aliyepaza sauti. Ishbel amejifungia kibandani anakoroga supu isiyohitaji kukorogwa. "Siwezi kutazama," ananiambia.

Kisha ufito wa Haldane unapinda. Mtu wa kondoo anarudi nyuma, anajikwaa, anapiga kelele isiyo na maneno. Wattie anashuka na wavu wa mkono, anampandisha trauti mnene mwenye ubavu wa rangi ya waridi. Bwawa zima linamtazama Haldane, linasubiri. Anaona haya hadi masikio.

"Mweusi!" anapaza sauti hatimaye. "Mkia wa kijani! Futi kumi!"

Vifijo vinatoka pande zote. Katika saa moja inayofuata samaki wanapatikana mmoja baada ya mwingine, kama waliokuwa wakisubiri ruhusa.

Na kweli walikuwa wakisubiri. Dod anaingia kibandani kwa supu, anafungua kiganja mbele ya Ishbel. Ndani yake mna nzi aliyekatwa ndoano kwa koleo.

"Nyie mmefanya nini?"

"Tulikubaliana kwenye maegesho, wote. Asipate mtu mpaka Bwana Haldane apate. Samaki wamenigusa mara tano, dada, mara tano! Roho iliniuma, acha tu. Baada ya hapo ndipo tukabadilisha nzi."

Ishbel anakaa chini. Anafuta macho kwa taulo la vyombo. Anasema samaki wanakula, hilo ndilo alilotaka kujua. Akiruhusiwa msimu ujao, atalaza bomba la pili upande wa miti, apumzike kidogo na hilo kasia.

Nje, Wattie ameegemeza ufito wake mlangoni. Vidole vyake vilikuwa na baridi mno kubadilisha nzi, kwa hiyo ufito bado una nzi yule wa asubuhi. Haldane anakuja kwa supu, anasimama hapo. Anamshika yule nzi wa manyoya ya kahawia, anamgeuza.

"Huyu ndiye yule?" anauliza. "Wa koti la Nan?"

"Ndiye."

"Hana ndoano, Wattie."

Wattie anaangalia viatu vyake. Ndani ya kibanda hakuna anayetafuna.

Haldane anamrudisha nzi taratibu mahali pake, anavua kofia, anaingia. Anatutazama mmoja mmoja kama anayehesabu kundi lake.

"Jumamosi ijayo," anasema. "Mnataka mikate ya soseji au ya bekoni?"