Chewa Mdogo wa Chumba cha Kungojea

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Iveti ukaufunika mji wa Machakos, hata taa za barabarani zikawa kama maua ya manjano yanayoelea hewani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nikienda kazini, funguo zote za kliniki zi mfukoni mwangu, nikajiona mtu mkubwa. Lakini ngoja nianzie nyuma kidogo, kwa maana hadithi ikianzia katikati humwacha msikilizaji nje ya mlango.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilikuwa karani wa mapokezi kwa daktari wa meno aliyeitwa Swaleh, mtu wa pwani aliyekuja huku kikazi akakaa. Mama yake, Bi Zuhura, alipofiwa na mumewe alimfuata mwanawe, akaishi naye katika nyumba iliyokuwa nyuma ya kliniki. Mama huyo hakuizoea baridi yetu hata siku moja. Alivaa sweta mbili chini ya buibui, na bado vidole vyake vilikuwa vya baridi ukimpa mkono. Kila akiamka aliuliza bahari iko upande gani. Basi mwanawe, kwa vile hakuweza kumrudisha mama baharini, aliileta bahari kwa mama.

Aliweka tangi la kioo katika chumba cha kungojea, refu kama mtu aliyelala. Maji ya chumvi yaliletwa kwa mitungi kutoka Mombasa, na dereva wa lori aliyeitwa Mwinyi. Ndani mlikuwa na matumbawe hai, mengine magumu kama mawe, mengine laini yanayopepea polepole kama vidole vya mtu anayeota. Samaki walikuwa watano tu: watatu wadogo wa buluu, wanaong'aa kama vipande vya mbingu, na mume na mke wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, wanaolala katikati ya kiumbe mmoja wa minyiri mingi, yaani mikono laini, kama watoto katika blanketi. Alikuwako pia kamba mmoja mwenye masharubu marefu meupe. Wagonjwa wetu, wengi wao Wakamba, walicheka sana waliposikia jina lake. "Hata humo majini tuko!" walisema, wakasahau jino.

Nataka uone chumba kile, mwanangu. Mwanga wa buluu ulipanda ukutani ukatikisika. Pampu ilinong'ona. Mwalimu mmoja kutoka Matuu, shavu limemvimba, aliitwa jina mara tatu na hakusikia, alikuwa ameenda mbali na macho yake yako wazi. Mimi mwenyewe, niliyezaliwa Mwala, nikiwa bado sijaiona bahari, nilikuwa nikirudi nyumbani jioni nikihisi bado natembea chini ya maji.

Bi Zuhura alikaa pale kila alasiri. Aliwaita wale wawili wa rangi ya machungwa "maharusi". Alinisimulia kwamba alipokuwa msichana, maji ya bahari yakirudi nyuma, alitembea juu ya mwamba akichungulia vidimbwi, na kila kidimbwi kilikuwa mtaa wenye majirani wake na ugomvi wake. Nami nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza mvua.

Mwaka ule daktari alisafiri kwa mwezi mmoja kwenda kusoma zaidi. Alimweka daktari mwenzake wa kuja mara mbili kwa wiki, na kliniki pamoja na tangi akaniachia mimi. Wiki ile ile Mwinyi alileta maji, na mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko mlikuwa na samaki mmoja, mdogo kama kidole changu cha shahada, mweupe kama maziwa, mwenye madoa meusi ya mviringo. Hakuogelea kama wengine. Alipepea. Aliinamisha kichwa na kuyumba kama kitambaa chepesi kilichoanikwa kwenye upepo. Mwanangu, nilimpenda papo hapo.

Bi Zuhura alisogeza uso karibu na mfuko. "Huyu ni chewa," akasema. "Mrudishe alikotoka."

"Lakini Bibi, si ni mdogo? Hata hao maharusi ni wakubwa kumshinda."

"Mdogo leo. Chewa hali kwa njaa, mwanangu, hula kwa nafasi. Kila kinachoenea mdomoni mwake ni chakula chake, na mdomo wake hukua upesi kuliko mwili. Yuaweza kukaa na wenziwe, lakini wawe wakubwa wa kimo chake, wenye miiba yao na mapango yao. Si hawa."

"Nitamlisha vizuri. Akishiba hatasumbua mtu."

Alirudi kwenye kiti chake. "Haya," akasema. "Wewe ndiwe mwenye funguo."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo nilikuwa nimeiandika shuleni mara nyingi kwa mwandiko mzuri. Kuandika ni rahisi.

Nilimtia chewa ndani. Nikamlisha vipande vya samaki asubuhi na jioni, naye alikuja kuchukua mkononi mwangu. Wagonjwa walimsifu, nami nikapokea sifa kana kwamba nimemzaa. Wiki mbili zikapita hivyo, tamu kama usingizi wa asubuhi.

Kisha baridi ikamzidi Bi Zuhura. Kifua kilimbana akalala ndani siku nyingi, na kiti chake mbele ya tangi kikabaki kitupu. Katika siku hizo, samaki mmoja wa buluu hakuonekana. Nikatafuta chini ya tangi nikidhani ameruka. Hakuna kitu. Baada ya siku tatu akapotea wa pili. Halafu yule kamba mwenye masharubu. Na chewa, mwanangu, alikuwa bado anapepea kwa upole, tumbo lake la mviringo, macho yake kama ya mtoto mchanga. Kikulacho ki nguoni mwako. Sikumshuku hata kidogo, kwa sababu nilikuwa nampenda, na kwa sababu kumshuku yeye kungekuwa kujishuku mwenyewe.

Badala yake nilimshuku Nduku.

Nduku alikuwa mfanyakazi wa usafi, mama wa makamo kutoka Masii. Alikuwa pale kabla yangu. Alipiga deki sakafu ile mara mbili kwa siku, akapangusa vioo, na hakuwa mtu wa maneno. Wa tatu wa buluu alipopotea, nilimsimamisha katikati ya chumba, ndoo i mkononi mwake, wagonjwa wanne wameketi wakitazama.

"Nduku, sabuni yako inaingia kwa maji. Unaua samaki, halafu unawatupa ili nisijue."

"Hapana. Hiyo maji mimi huwa siigusi. Hata kitambaa ya hapo juu niko na ingine tofauti."

"Sasa wameenda wapi? Wametoka wakatembea?"

"Mimi sijui, Kalondu. Kama ningeona, ningekuambia."

"Unadanganya. Daktari akirudi nitamwambia nini? Enda nyumbani, mpaka yeye aje aamue."

Aliweka ndoo chini polepole, bila kumwaga tone. Akawatazama wale wagonjwa mmoja mmoja, na mmoja wao alikuwa jirani yake wa Masii. Akajifunga leso vizuri, akatoka. Pampu tu ndiyo iliyoendelea kunong'ona. Nami, Mungu anisamehe, niliketi nikahisi nimefanya kazi yangu.

Sasa turudi kwenye asubuhi ile ya ukungu. Ilikuwa siku ya nne tangu Nduku aondoke. Nilifungua mlango nikakuta mlango wa nyuma tayari umefunguliwa, na Bi Zuhura ameketi kwenye kiti chake, amejifunika blanketi. Taa ya tangi ilikuwa bado haijawashwa. Mwanga ulikuwa ule wa kijivu usiojua kama ni usiku au mchana.

"Shikamoo, Bibi. Umepata nafuu?"

"Marahaba. Usiwashe taa. Keti, nyamaza, utazame."

Nikaketi. Ndani ya tangi kila kitu kilikuwa kimetulia kama picha. Maharusi walikuwa wanaamka, wakitoka katika minyiri yao na kurudi. Chewa alikuwa kando ya jiwe, kichwa chini, hapepei tena. Ungesema ni jiwe jingine. Nikaona amekua, nikashangaa jinsi nilivyokuwa nikimtazama kila siku bila kumwona. Yule mume, mdogo wa wawili, akatoka kidogo nje, labda kufuata chembe ya chakula. Akapita mbele ya jiwe. Chewa alifungua mdomo, akaufunga.

Ndivyo ilivyokuwa tu. Maji hayakutikisika. Hapakuwa na kufukuzana wala vita. Palikuwa na wawili, sasa palikuwa na mmoja, anazunguka zunguka pale penye nafasi ya mwenziwe. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nilishika mdomo wangu kwa mikono miwili. Bi Zuhura hakunitazama. Aliuliza kwa sauti ndogo ya mtu anayetoka ugonjwani:

"Nduku yu wapi? Siku kadhaa sasa sauti ya ndoo yake siisikii."

Nikamweleza. Sikuficha neno. Alivuta blanketi mabegani, macho yake bado kwenye tangi.

"Samaki huyu hana kosa," akasema. "Mola kamuumba na mdomo, naye kautumia. Ni wewe uliyemtia katika nyumba ya wanyonge. Na bado si hilo linaloniuma. Linaloniuma ni kwamba ulipoona hasara ya mkono wako, ulitafuta mtu wa kumvisha. Nenda kamtafute."

Kwanza tulimtoa chewa. Tulimweka peke yake katika pipa safi la maji ya chumvi, na daktari aliporudi alimnunulia tangi lake nyumbani, akamtafutia wenzake wanaomfaa: kikande mmoja mkali na mkunga, samaki mrefu kama nyoka, mwenye pango lake. Waliishi kwa heshima, kila mmoja akijua mwenzake ana meno. Alikua hadi urefu wa mkono wangu, kutoka kiwiko hadi vidole. Yule mke wa rangi ya machungwa aliletewa mwenzi mwingine, wakapatana. Ya samaki yalitengenezeka, mwanangu. Ya watu ndiyo magumu.

Nilimpata Nduku Masii siku ya soko, ameketi nyuma ya gunia la ndengu. Alikuwa akimpimia mteja. Nilisimama. Akampimia wa pili. Nikaendelea kusimama juani, na watu wakinipita.

"Nimekuja kukuomba msamaha," nikasema hatimaye. "Alikuwa ni yule chewa. Nimemwona kwa macho yangu."

"Nilijua itajulikana," akasema, bila kuacha kupepeta ndengu. "Lakini hapa nani alisikia ukinitukana? Hakuna. Walisikia kule. Jirani yangu alifika hapa kabla yangu, na maneno yako yalikuwa yameshuka naye. Watoto wangu waliulizwa shuleni kama mama yao ni mwizi wa samaki."

Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini huvunja mifupa.

"Nitakuja Jumatatu," akasema. "Utasema kule."

Jumatatu alikuja amevaa nguo za kwenda kanisani. Chumba kilikuwa kimejaa. Nilisimama mbele ya tangi nikasema mbele ya wote, na mbele ya Bi Zuhura, kwamba nilimsingizia mama huyu, kwamba hakuua wala kutupa kitu, kwamba kosa lilikuwa langu toka mwanzo hadi mwisho. Mzee mmoja alivua kofia, sijui kwa nini. Nduku alisikiliza hadi neno la mwisho, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaingia stoo, akachukua aproni yake na ndara zake, akazifunga katika leso.

"Daktari amepiga simu, anasema urudi," nikamwambia. "Tafadhali, mwaitu." Nilimwita mama kwa lugha yetu, jambo ambalo sikuwahi kufanya.

"Nimekusamehe, Kalondu. Ningekuwa sijakusamehe singekuja. Lakini hii sakafu sitapiga deki tena."

Akaenda. Baadaye alipata kazi ya kushona katika kiwanda kule Athi River, akasomesha watoto wake. Tukikutana harusini au matangani tunasalimiana vizuri, ananiuliza hali. Hatujawahi kunywa chai pamoja. Bi Zuhura alifariki miaka michache baadaye, wakamrudisha pwani yake, nami nilisafiri kumzika. Hiyo ndiyo siku niliyoiona bahari kwa mara ya kwanza, na nililia kwa mambo mawili kwa pamoja.

Basi sikia, mwanangu. Ukiwa mwenye nyumba, au mwenye duka, au mwenye watu chini yako, na ukamleta mkali kati ya wapole, usiseme nitamshibisha. Mpende, lakini pima kwanza mdomo wake, ndipo upime uzuri wake. Mweke na wanaomweza, na wanyonge wape mapango ya kujifichia. Na kitu kikipotea mikononi mwako, anza kutafuta mikononi mwako. Usimvishe asiyekuwa na sauti kosa lako kwa sababu ameshika ndoo. Na ukiwa umemharibia mtu jina mbele ya watu, usiende kulitengeneza uchochoroni. Rudi pale pale, simama, useme. Huenda akakusamehe na bado asirudi. Hiyo ni haki yake, ipokee.

Mungu akupe jicho la kuona kilicho mbele yako, na sikio la kusikia waliokutangulia. Nyumba yako iwe na utulivu, na kila anayeingia kwako mnyonge atoke akiwa mzima. Akulinde na ukali wa wengine, mwanangu, na awalinde wengine na ukali wako. Amina.