Bonde Lililokaushwa

Nyumba yetu ya Temeke ilikuwa ukingoni mwa bonde lisilokauka hata kiangazi. Mikindu ilijazana humo, imeshonana, na ndege mnana walining'iniza viota vyao kila mahali. Mama na wanawake wenzake walikuwa wakishuka na visu, maji magotini, wakikata ukindu mchanga. Wakiuanika, wakiuchana, wakiusuka ukili, kisha wakishona mikeka. Mie nilijua kusuka kabla sijajua kupika.

Mdogo wangu wa kiume alikufa kwa homa hajaanza hata kusimama dede. Matanga hayajaanuliwa, akaja Mzungu mmoja wa serikali pamoja na karani wake. Alisema homa inaletwa na mbu, na mbu wanazaliwa bondeni. Upo mti wa ng'ambo, mkaratusi, unaokunywa maji kuliko ng'ombe. Ukipandwa humo, bonde litakauka na homa itakwisha. Alikuwa akitafuta wapandaji.

Baba hakungoja kuambiwa mara mbili.

"Na ukindu wetu?" Mama alimwuliza usiku ule.

"Ukindu utaota kwingine. Mtoto hataota."

Baba na wenzake wakapanda miche bonde zima. Kiangazi kilipofika na miche ya pembezoni ikaanza kusinyaa, Mama mwenyewe aliibebea maji kichwani. Nilifuatana naye na kata yangu ya kuchotea. Tuliitunza ile miti kama wagonjwa.

Ikakua upesi mno. Tukaipenda, siwezi kusema uongo: ilinyooka, ilinukia, gome lake laini tukilibandua kwa kucha. Kilichotangulia kuondoka ni vyura. Masika yaliingia na usiku ukabaki kimya, tukadhani mvua ni haba tu. Halafu kambare wakaonekana wamekufa kwenye tope lililopasuka. Mikindu ikaanza kukauka kuanzia nchani, na ule ukindu tuliokata ukawa unakatika mikononi kabla ukili haujafika urefu wa mkono. Mnana walihama. Chini ya mikaratusi hapakuota kitu. Majani yake yalilala makavu, hata mbuzi walipita bila kuinamisha vichwa.

Mama na wenzake walikwenda Kimbiji kutafuta ukindu. Wakalala kwa watu, wakarudi na vifurushi vya kubebwa kwapani.

"Wenyeji wanasema hautoshi hata wao," mmoja wao alituambia, akijikanda miguu kizingitini petu. "Mie sirudi tena huko."

Hakurudi, wala wenzake hawakurudi. Huyu akaanza kuuza vitumbua, yule akamfuata binti yake Msasani. Kibarazani petu, walipokuwa wakikaa kusuka na kutaniana, akabaki Mama peke yake, mikono mapajani. Alijaribu kulima muhogo kandokando ya bonde. Ukatoka mwembamba kama vidole.

Na homa haikwisha. Huko njiani wajenzi walikuwa wamechimba mchanga wa kutengenezea barabara, na mashimo yakajaa mvua. Mbu walipata makao mapya. Mdogo wangu wa kike, aliyenifuata mie, alitetemeka siku chache tu, akafa. Alikuwa mcheshi, mwoga wa kuku. Tulimzika karibu na mdogo wake.

Matanga yalipokwisha Baba alichukua shoka, akashuka bondeni mchana kweupe. Aliiangusha mikaratusi mmoja baada ya mwingine, shati limemganda mgongoni. Mama alimtazama kutoka mlangoni mpaka akashindwa kuvumilia.

"Acha, baba watoto. Hiyo miti itakurudishia nani?"

Hakuacha mpaka mikono ilipomtoka damu. Mvua zilipokuja, kila kisiki kikachipua matawi mengi, mabichi, yanayong'aa. Baba alisimama akiyatazama.

"Mti huu hata kufa haujui," alisema.

Yule Mzungu alirudi na karani wake. Alikanyaga ardhi ya bonde kwa kiatu, akafurahi ilivyo ngumu. Alipoona visiki alidhani Baba amevuna nguzo, akamsifu. Akasema kuna bonde jingine upande wa Tabata, na anamtaka yeye awe mnyapara wa wapandaji.

Baba alikuwa amevua kofia. Nikaomba moyoni aseme yote, kuhusu mashimo, kuhusu mikindu, kuhusu muhogo wetu.

"Bwana, mtoto wangu mwingine amekufa kwa homa," alisema.

Karani akatafsiri. Mzungu aliinamisha kichwa, na nadhani alisikitika kweli. Kisha akasema maneno, na karani akayageuza kwa Kiswahili:

"Anakupa pole sana. Anasema ndiyo maana yatupasa tupande upesi zaidi."

Nilimtazama Baba. Kazi nyingine hakuwa nayo, na shamba letu lilikuwa vumbi.

"Vyema, bwana," alisema.

Asubuhi Mama alimchemshia muhogo, akamfungia kwenye kitambaa. Baba aliweka jembe begani, akashika njia ya Tabata, na Mama akaingia ndani akajilaza, ameupa mlango mgongo.