Gololi ya Mama

Juzi nilikaanga mayai kwa oili ya gia, nikidhani ni mafuta ya kupikia. Mtu nisiyetoka nyumbani, na bado jiko langu mwenyewe linanipoteza. Harufu ile nzito ilipopanda nikamwona mama wa utotoni mwangu, uani kwetu Tunduma, amefungua giaboksi ya gari kuukuu la baba na kupanga vipande kwenye ungo wa mchele. Bibi alikuwa hoi kule Iyula, na hilo ndilo gari la kumpeleka hospitali. Ikabaki kufunga ovadraivu, ile gia ya kupumzisha injini barabara ikinyooka. Gololi yake moja haikuonekana.

"Nani ana gololi yangu?" mama akauliza.

Watoto wote tukamwaga za kioo tulizokuwa tunachezea. Mama akacheka, akazamisha mkono kwenye karai la oili chafu, akafumba macho, akapapasa kama anatafuta jiwe kwenye mchele. Akaitoa ya chuma, ndogo kama punje ya mahindi, akaifunga, gari likaondoka.

Waliporudi kutoka kumlaza bibi hospitalini, baba akaanza kujisifu jinsi alivyolitelezesha gari barabarani. Jirani yetu, mama muuza vitenge, akamkata kauli: "Shemeji, wewe kazi yako kupiga honi tu."