Raha Aliyoipata Teresina Melini

Teresina aliporudi kutoka Australia, sisi majirani zake wa mtaa wa Munuki tulijazana uani kwake kabla hajapata hata nafasi ya kunawa uso. Ndivyo tulivyo. Mtu akitoka safari lazima aambiwe "Hamdilla le salama," yaani Mungu ashukuriwe umefika salama, na akishasalimiwa lazima asimulie, awe na nguvu au asiwe nazo. Mimi Jael, fundi cherehani wa pale kwenye kona, nilivuta kiti cha plastiki karibu naye kabisa. Habari za meli nilizitaka kutoka kinywani mwake.

Binti yake, Rejoice, anayefanya kazi ya kulea wazee huko Melbourne, alikuwa amempandisha meli ya starehe, wakazunguka visiwani wiki nzima. Picha zilitufikia kwa simu: Teresina na kofia kubwa, nyuma yake bwawa la kuogelea lililojengwa ndani ya meli. Watu wamezungukwa na bahari nzima na bado wanabeba maji mengine ya kuogelea! Nilizitazama picha zile mpaka simu ikazima.

Jambo moja tu lilikaribia kuivunja safari. Teresina anaishi na mama mkwe wake, Mama Jubek, ambaye macho yake yalizima tangu enzi za ukimbizi Uganda. Jubek mwenyewe, mume wa Teresina, alifariki zamani, akamwachia mkewe huyo mama. Na mama huyo anaita. Asubuhi, mchana, jioni: "Teresina!" Teresina anaacha unga, anaingia na mikono myeupe, anamkuta bibi ametulia zake. Unataka maji, mama? Hapana. Uji? Hapana. Anatoka, na kabla hajafika jikoni anaitwa tena.

Hofu ilikuwa kwamba bibi akijua mkwewe amevuka bahari, atagoma kula, na kwa umri wake mgomo huo ungemmaliza. Basi Lilly, mdogo wake Teresina, akahamia hapa kutoka mtaa wa Lemon Gaba. Akajipaka mafuta ya dada yake, akavaa magauni ya dada yake, na jina la Teresina likiitwa anaitika yeye. Mimi nilisema waziwazi kwamba huo ni mchezo wa watoto. Lakini bibi alikula vizuri, tena majuma yale aliita mara chache sana, nikanyamaza.

"Haya, mama Rejoice, tupe habari," nilimhimiza. "Meli ilikuwaje?"

Alikunywa chai kidogo. Mashavu yalikuwa yamejaa, ila macho yalikuwa yale yale ya kuchoka.

"Siku ya kwanza niliamka alfajiri nikatafuta jiko," alisema. "Hakuna jiko. Nikatandika kitanda, nikafua taulo, nikapiga deki bafuni. Mama anayefanya usafi, Mfilipino wa umri wangu, akaingia akashika kichwa. Akamwambia Rejoice, tafadhali mzuie mama yako, mkubwa wangu atadhani mimi sifanyi kazi."

Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

"Na chakula?"

"Chakula kipo saa zote. Unakaa, unaletewa. Kila akija mtu na sahani, mimi nasimama kumpokea, Rejoice ananivuta gauni: mama, kaa! Wazungu wazee wamelala juani mchana kweupe, midomo wazi, na hakuna anayewaita wavivu."

"Halafu?"

"Halafu nikalala."

Tukasogeza viti karibu.

"Ukalala tu?" nikamuuliza.

"Nililala, Jael. Walishuka visiwani, wakarudi, mimi nimelala. Rejoice akaingiwa na hofu akamwita daktari wa meli. Akanipima kila mahali, akasema huyu mama hana malaria, hana presha, amechoka. Visiwa sikuviona. Raha yangu ilikuwa moja tu, kwamba hakuna aliyeniita."

Nilikereka kidogo, nisiwafiche. Nilikuja kusikia habari za muziki na kamba wa kukaanga, nikaletewa usingizi.

"Lakini hata usingizini nilimsikia mama mkwe akiniita," akaendelea kwa sauti ya chini. "Nashtuka, kumbe ni injini. Nawaza, amekula? Amenigundua? Na nikirudi, nitaendelea hivi mpaka lini? Nampenda yule mama, dada yangu, na nimechoka naye."

"Teresina!"

Sauti ilitoka ndani. Teresina akainuka hapo hapo. Lilly akamkamata bega. "Kaa. Leo bado mimi ndiye Teresina." Akaingia. Mlango ule ni pazia tu, kwa hiyo sote tulisikia.

"Naam, mama. Nikuletee maji?"

"Lilly," bibi alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "wewe pia iko choka. Kaa chini."

Uani vikombe vilitua.

"Mama... ulijua?"

"Mkono yako iko laini. Mimi najua siku ya kwanza. Teresina nakwenda ona mtoto yake. Mimi nakula sana, watu isimwite arudi mbio."

"Sasa mbona umemwita?"

"Nasikia sauti yake huko nje. Mimi hapana taka maji. Siku zote hapana taka kitu. Naita tu, nijue iko."

Teresina alikuwa bado amesimama. Nilidhani atalia, lakini kilichompanda kwanza ni hasira. "Miaka yote hii naacha unga!" alisema. "Miaka yote naingia na kutoka, kumbe kilichotakiwa ni kuitika?" Kisha akajikalisha kitini polepole, akanyoosha miguu mbele yetu sote, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mbele ya wageni.

"Teresina!" bibi akaita tena.

"Niko, mama," akajibu, bila kuinuka.