Choo cha Shangazi

Kijiji chenyewe hakikuwa na kitu. Vya kutazamwa vilikuwa kwa majirani: pango kulia, mnara wa taa kushoto, ufuo mweupe mbele huko. Wageni walipita vioo vya magari vimefungwa, vumbi wakakiachia kijiji. Waliposimama, walisimama kwa Shangazi tu.

Shangazi, mjane asiyepindishwa neno, alikuwa na choo. Choo hasa: maji tele, mlango wenye komeo, sakafu aliyoisugua kila alfajiri kabla hajanawa uso. Wageni waliingia wamekunja nyuso, wakatoka wanacheka, wakanunua ndizi na nazi za watu.

Mwenyekiti wa kijiji, mtoto wa kaka yake, aliona haya.

“Shangazi, kijiji kizima kijulikane kwa choo?”

“Bora hicho. Wewe ulijulikana kwa kulowesha godoro langu.”

Kumbe Shangazi alimchokoza nyoka. Kamati ya kijiji ikaja na nyundo, ikaupigilia mlango mbao, kisha ikajenga banda la kutazamia bahari, na kibao juu. Shangazi akaiokota nyundo waliyoiacha, akaitundika ukutani. Magari yakapita moja kwa moja. Ndizi zikaozea mezani.

“Subirini uzinduzi,” mwenyekiti akasema.

Siku ya uzinduzi mkuu wa wilaya akaja kutoka mbali, akanywa maji chupa nzima, akaketi bandani. Mwenyekiti akahutubia mandhari mpaka mandhari yenyewe yakachoka. Mkuu akamvuta shati: “Ndugu yangu, najisitiri wapi hapa?”

Mwenyekiti alikimbia, umati na mkuu nyuma yake. Shangazi alikuwa kizingitini anachambua mchele.

“Shangazi, fungua.”

“Kwani nilifunga mimi? Nyundo ile pale.”

Mwenyekiti akavua koti, akang'oa mbao jasho likimtiririka. Alipobakiza ya mwisho, ya chini kabisa, Shangazi akaikanyaga.

“Hapa pana nini, baba?”

“Choo.”

“Uzee huu, sisikii.”

“Choo, Shangazi! Ndicho kinachowasimamisha wageni! Hatukifungi tena!”

Watu wakashangilia. Mkuu hakupiga makofi. Mikono yake ilikuwa na kazi nyingine.

Shangazi akaondoa mguu, mbao ya mwisho ikang'oka. Mkuu alipokuwa ndani, yeye akazikusanya zile mbao, akazitia jikoni ziwe kuni.

Mkuu akatoka uso umekunjuka, akamnyooshea mkono wa shukrani mbele ya kijiji kizima. Shangazi hakuutoa wake.

“Umenawa?”