Usitafune Ukisikiliza Saa

Shangazi yangu Klaudia ni fundi cherehani pale Kashai, lakini ukimkuta asubuhi barazani kwake, mara nyingi hashoni. Ameinamia saa ya mtu. Anaichungulia kwa ile lenzi yake ya kutungia uzi, midomo ameibana, na mwenye saa amesimama pembeni kama anasubiri majibu ya hospitali. Kisha shangazi anainua kichwa na kusema bila huruma, "Umepigwa, baba."

Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kutafuta. Zamani baba yake, yaani babu yangu Mzee Kaijage wa Hamugembe, aliuza saa yake ya mkono ili binti apate cherehani ya kwanza. Ilikuwa saa ya kutia ufunguo, uso mweupe, na ilikuwa inachechemea: inapiga mara mbili, inasita, halafu inapiga tena. Mafundi walitaka kuirekebisha, mzee akakataa katakata. Alisema saa isiyopumzika itamchosha na yeye. Tangu ilipouzwa, shangazi anaitafuta. Kila aliyevaa saa ya zamani kutoka Bukoba mpaka Muleba ameshashikwa mkono na mwanamke huyu, hata kanisani wakati wa kupeana amani.

Kwa hiyo anajua. Atakwambia usiuamini uso unaong'aa ndani ya saa iliyochakaa, maana umepakwa rangi upya. Tazama mishale: kama mmoja umepauka na mwingine unametameta, hiyo haikuzaliwa pamoja. Mwambie muuzaji afungue mfuniko wa nyuma mbele ya macho yako, na akianza kusema bisibisi imepotea, aga uende zako. Huko ndani mafundi wa zamani walikuwa wanakwaruza alama zao, na saa ya Mzee Kaijage ilikwaruzwa msalaba mdogo. Mwisho kabisa, isikilize. Ila ukiisikiliza, usiwe unatafuna kitu.

Hilo la kutafuna wageni hulicheka, kwa sababu hawamjui Mwijage wa Buganguzi. Huyu bwana anauza saa za zamani nyumbani kwake, katikati ya migomba, na ana adabu za kutisha. Hujakaa vizuri, kisahani cha akamwani kimeshafika, zile buni kavu za kutafuna. Utakataa? Mhaya gani anakataa kahawa ya mwenye nyumba? Unaitupia mdomoni, meno yanaanza kusaga, na hapohapo Mwijage anakuwekea saa sikioni. "Unasikia inavyokwenda?" Kweli, unasikia kitu kinakwenda. Ni taya zako. Mimi mwenyewe niliondoka kwake na saa iliyokufa, nikimshukuru, tena nimebeba na mkungu wa ndizi alionizawadia. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kumsimulia babu, naye akacheka mpaka akapaliwa. Sikuona cha kuchekesha.

Mwaka huu Mzee Kaijage akawa mtu wa kitandani. Macho yalikuwa yameshakwisha zamani, na sasa hata chakula alikuwa hakitaki. Alichokuwa anafanya ni kupapasa kifundo cha mkono wake wa kushoto na kuuliza, "Klaudia, saa yangu hujaiona bado?" Shangazi akitoka mle chumbani analia, halafu akirudi Kashai anaigeuzia cherehani hasira, kana kwamba ndiyo iliyoiuza saa. Niliumia sana kumwona hivyo. Sote tulijua kwamba mzee hana muda mrefu wa kuuliza.

Ndipo tukasikia kwamba Mwijage amepata saa ya uso mweupe. Tulipanda gari mpaka Muleba, tukachukua bodaboda mpaka Buganguzi, shangazi amejifunga kitenge kama mtu anayekwenda kugombana. Mwijage alipomwona, tabasamu lilimpungua.

"Waitu, dada Klaudia, karibu. Karibu sana," alisema, na kisahani kikaja.

Shangazi alipokea kahawa kwa mikono miwili, akashukuru vizuri sana, akaifungia kwenye leso. Ndivyo alivyofanya siku zote. Katika nyumba ile alikuwa hajawahi kutafuna hata punje moja.

"Fungua," alisema.

Mwijage alifungua mfuniko. Shangazi akatoa lenzi, akachungulia. Hapakuwa na msalaba. Akaiweka saa sikioni, kisha akanipa na mimi. Ilikuwa inakwenda vizuri, sawasawa, bila kusita hata kidogo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Mwijage alikuwa na saa nzima, na sisi hatukuihitaji.

Nilisimama tuondoke. Shangazi hakusimama. Alikaa ameitazama ile saa, kisha akaifungua leso yake taratibu, akatia kahawa yote mdomoni na kuanza kuitafuna kwa kelele, saa iko sikioni.

"Ndiyo yenyewe," alisema.

Mwijage aliogopa. Nadhani alifikiri anategewa. "Dada, subiri kwanza. Huo uso nimeupaka rangi mimi. Na mshale mrefu nimeutoa kwenye saa nyingine. Sitaki ugomvi na wewe."

"Mwijage, nyamaza. Hunioni natafuna?"

Tulikwenda moja kwa moja Hamugembe. Shangazi alipiga magoti kando ya kitanda, akamfunga mzee ile saa mkononi. "Tata, nimeipata," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya barazani.

Babu alikipapasa kioo, akaupapasa mkanda, akapitisha kidole nyuma. Kisha akainua mkono mpaka sikioni. Nilitamani nianze kukohoa. Nilitamani jogoo wa jirani awike, mtu apite na pikipiki mbovu, chochote. Chumba kilikuwa kimya, na ile saa ilikuwa inakwenda tiki, tiki, tiki, sawasawa, bila aibu. Paji la uso la mzee lilikunjamana. Shangazi, ambaye amewaaibisha wadanganyifu wa mkoa mzima, alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu.

"Klaudia," babu alisema.

"Tata."

"Leo hamna akamwani humu ndani?"

Shangazi alimletea. Babu alitia punje mdomoni, akazisaga kwa meno machache yaliyobaki, polepole, kwa nguvu zake zote, saa ameibana sikioni. Alisaga kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono mwingine mpaka ukamfikia binti yake kichwani.

"Eee," alisema, huku bado anatafuna. "Inachechemea vilevile."