Viatu Vilivyongoja Miguu

Fundi viatu wa kona ya stendi alikuwa na ulimi uliochongoka kuliko kisu chake cha kukatia soli, na watu walimwendea kwa sababu ya vyote viwili. Kisu hakikukosea mstari. Ulimi nao haukumkosa mtu. Ukimpelekea kiatu kilicholika upande mmoja, hakukitazama kwanza kiatu. Alikutazama wewe, toka kisogoni hadi kisiginoni, kisha akakuambia unatembea kama kaa aliyechelewa kazini.

Waliomkera kuliko wote walikuwa wazazi. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka, na haikupita wiki bila mama au baba mmoja kuinama mlangoni, ameshika kiatu kidogo kama yai, na kueleza kwa sauti ya msibani kwamba hiki ndicho alichojifunzia mwanawe kutembea. Mwana sasa yuko sekondari. Je, fundi anaweza kukisafisha na kukikaza kidogo, kikae kabatini?

"Mwanao ana miguu?" fundi aliuliza.

"Anayo, fundi."

"Hiki kinamwingia?"

"Hakimwingii."

"Basi mguu umekwenda, kiatu kinangoja nini? Mpe mwenye mtoto mchanga. Au unangoja kiatu nacho kikue, kikuletee mkwe?"

Fundi simu, aliyegawana naye kivuli cha ngazi zile, alicheka mpaka skrubu zikamtoka vidoleni. Mzazi aliondoka na kiatu chake mfukoni, uso umemwiva, na maneno ya fundi yakazunguka stendi nzima kabla ya jua kutua. Ndivyo alivyojipatia jina. Viatu visivyofuatwa na wenyewe aliviuza bila kufumba jicho, na aliyekuja kulalamika aliambiwa kibanda si makaburi, hakuna kitu kinacholala humo kungoja kiyama.

Sasa mfuate mtu huyo huyo nyumbani kwake.

Nyumba ilikuwa na sebule, chumba cha wazee, na chumba cha watoto. Watoto wenyewe walikuwa watatu na wote walishaondoka. Wa kwanza anaendesha lori na ana kipara. Wa pili, binti, ana mtoto wa kwake. Kitinda mimba ana miguu mikubwa kama makasia na haji nyumbani ila akiwa na njaa. Lakini ndani ya chumba kile hapakuwa na aliyekua. Ukuta mzima ulikuwa na rafu alizozigonga fundi mwenyewe, na juu ya rafu vilipangwa viatu: safu ya wa kwanza, safu ya binti, safu ya kitinda mimba, kuanzia vile vya kujifunzia kusimama hadi vile walivyoviacha siku ya kuondoka. Kila kimoja kilijazwa karatasi tumboni kisije kikanywea. Kitandani palikuwa na mikoba ya shule. Mlangoni baiskeli isiyo na gurudumu ilisimama kama askari wa zamu.

Kila mwaka ulipoanza, fundi alivishusha vyote, akavifuta, akavipaka rangi, na kilichoachia uzi akakishona upya. Alibadilisha hata visigino. Visigino vya viatu ambavyo havikuwa vimekanyaga chini tangu redio yao ilipokuwa ya betri.

"Vimetembea wapi mwaka huu?" mkewe alimuuliza. Mkewe alikuwa mfagizi wa zahanati, mtu wa kutupa na kuosha, na unga wake ulilala chini ya kitanda kwa kukosa mahali.

"Ngozi inataka kutunzwa."

"Ngozi yangu mimi hujaipaka hata mafuta."

Fundi alichovya brashi kwenye kopo la rangi. Ukweli wenyewe haukuwa wa kumpa sifa. Miaka yote ile ya kulea aliondoka nyumbani watoto wamelala na kurudi wamelala. Alichowajua kwacho ni viatu vilivyoachwa mlangoni. Aliviokota kimoja kimoja chini ya taa, akajua kwamba wa kwanza ameanza kuburuza mguu wa kushoto, kwamba binti bado anapiga mawe teke, kwamba kitinda mimba anavaa kwa kukanyaga nyuma kama mvivu. Mtu mwingine angemwamsha mtoto amuulize habari za siku. Yeye alichukua sindano akashona, akaona amelea. Walipoondoka, kila mtu alibaki na kumbukumbu zake za watoto. Za kwake zote zilikuwa na kamba.

Ndipo binti akapiga simu. Amehamishwa kikazi, mbali, na kwa mwaka wa kwanza hawezi kwenda na mtoto. Mtoto, msichana wa miaka sita, aje akae kwa babu na bibi na aanze shule huko. Bibi alifurahi hata akamtania fundi kwamba analetewa mke mdogo, ajiandae kuoga. Fundi naye alifurahi. Alifurahi mpaka alipoambiwa chumba kitolewe vitu.

"Nitapanga," alisema.

Alipanga kweli. Aliingia Jumapili akatoka jioni, na mkewe alipochungulia alikuta viatu vya kushoto vimehamia kulia.

"Mtoto mdogo anahitaji nafasi gani?" fundi alijitetea. "Atalala sebuleni, kwenye kochi."

"Kwa hiyo viatu vilale kitandani, mjukuu alale kwenye kochi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema, ila kwa lugha ya viatu. Mguu umekwenda, mume wangu. Si wewe unayewaambia watu wa stendi? Au yale ni ya kuuzia soli tu?"

Binti alipojua, hakugombana. Alisema kwa upole kwamba kama hakuna nafasi, bibi mzaa baba yake mtoto ana chumba, na ameomba siku nyingi. Upole ule ulimwingia mama yake kuliko tusi. Siku aliyotarajiwa mtoto, fundi alipoondoka alfajiri, mke aliomba ruhusa zahanatini, akaja na magunia. Mpaka saa nne rafu zilikuwa tupu na kitanda kimetandikwa. Baiskeli na mikoba walikwenda navyo watoto wa jirani. Viatu alimpa muuza mitumba aliyekuwa akipita na mkokoteni, akamwambia asimrudishie hata kamba.

Alifanya kosa moja, kosa la mtu aliyeolewa na fundi viatu halafu akasahau. Muuza mitumba hauzi kiatu kabla hajakipeleka kwa fundi. Na fundi wa karibu alikuwa mmoja.

"Fundi, leo nimeokota dhahabu," muuza mitumba alisema, akamwaga gunia mbele ya kibanda. "Nitazamie, uguse panapotaka kuguswa, niviuze jioni hii hii. Mwenyewe alikuwa anavitunza kama mayai. Angalia, vimejazwa karatasi. Mwendawazimu gani huyu?"

Fundi alikuwa na misumari mdomoni. Aliitoa mmoja mmoja. Mbele yake, juu ya vumbi la stendi, vililala vyeusi vya binti vyenye kifungo, vile vilivyolika puani kwa mateke ya mawe. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi waliinama kutazama. Mmoja alikuwa mama mmoja wa wale wazazi, aliyefukuzwa wiki iliyopita na kiatu chake kama yai.

Angeweza kusema, hivi ni vyangu. Maneno matatu tu. Lakini yangempitia yule mama, yakampitia fundi simu, na kufikia jua kutua stendi nzima ingemuuliza kama anangoja viatu vikue.

"Hivi vimekufa," alisema.

"Vimekufa vipi? Vinang'aa."

"Hata maiti huoshwa. Kiatu kisichovaliwa hukauka ndani. Ngozi hii ukiikunja inakatika. Gundi imekuwa unga. Mtoto atatembea navyo mpaka pale dukani, soli itabaki njiani."

Muuza mitumba alikaza macho. "Lakini vimeshonwa vizuri. Tazama mshono huu. Hii ni kazi ya fundi hasa."

Fundi alikipokea kile kiatu, akakigeuza. Aliutambua mshono kama mtu anavyoitambua sauti yake.

"Fundi gani?" alisema. "Huyu ameshona kwa vidole vya miguu. Uzi umevutwa sana hapa, umelegea pale. Na kisigino hiki, amepigilia misumari kama mtu anayeua nyoka."

"Kweli kabisa," fundi simu alidakia kutoka upande wake, bila kuinua kichwa. Alikuwa ameketi karibu na mshono ule miaka isiyopungua kumi. "Hata mimi nisiyejua viatu naona. Aliyeshona hivi akili zake hazikuwa sawa. Na mkono mbaya. Mbaya sana. Endelea, fundi, mseme."

Fundi akaendelea. Alimsema yule fundi mpaka jasho likamtoka. Alimwita kipofu, mharibifu, mtu aliyestahili kushona magunia ya mkaa. Kila alipopumzika, fundi simu alimwongezea: na rangi je? Na hizi kamba, amezifunga nani, mbuzi? Fundi alijibu yote. Mwishowe muuza mitumba alikata tamaa, akasema basi, atavimwaga jalalani.

"Niachie hapa," fundi alisema. "Nitakata vipande vya kuwekea viraka."

"Vimekufa lakini vina viraka?"

"Kwenye maiti hakukosi kitu cha kurithi," alisema fundi simu, na sasa ndipo alipoinua kichwa. Yule mama wa benchi alikuwa amekwisha kuelewa. Alimtazama fundi kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa anayedai kuwa ni daktari.

Fundi alirudi nyumbani na gunia begani, ameshinda. Kwa ushindi wa namna hiyo mtu angeomba kushindwa. Mlangoni alisimama mkewe, na nyuma ya mkewe mjukuu, aliyeletwa mchana na mama yake. Mama huyo alikiona chumba, akakagua kitanda kwa mkono, akaondoka na basi la saa tisa.

Mke aliangalia gunia.

"Gunia hilo haliingii," alisema. "Wewe ukitaka, ingia."

Fundi akakaa kizingitini, gunia kati ya magoti. Mjukuu alimsalimia shikamoo kwa haraka ya mtoto mwenye kazi nyingine, kisha mikono yake ikawa ndani ya gunia. Alivitoa vile vyeusi vya kifungo.

"Hivyo si vya kuchezea," fundi alisema.

"Sichezi, babu. Navaa."

"Ni vya mama yako."

"Mama havimwingii."

Bibi alikohoa kwa furaha. Mtoto alivaa, akafunga kifungo, akatoka uani. Alizunguka pipa la maji, akarudi mbio, na pale penye ngazi kiatu cha kulia kikafunua mdomo. Soli ilining'inia. Hatua mbili tu, na cha kushoto nacho kikapasuka ubavuni, pale pale ngozi inapokunjwa na vidole.

Fundi alikuwa amesema uongo stendi nzima isikie, na kila neno lilikuwa kweli. Miaka yote aliipaka ngozi ile rangi ya juu, na ndani ilikuwa inakufa kwa kukosa mguu. Jambo hilo analijua mwanafunzi wa ufundi wa wiki ya kwanza. Alikuwa akiwahubiria watu hilo hilo kwa sauti kubwa.

"Babu," mtoto alisema, amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, "bibi amesema wewe ni fundi."

"Nilikwambia kabla sijaviona hivi," alisema bibi. "Samahani, mke mwenzangu. Tumedanganywa wote."

Fundi alifungua mkoba wa kazi. Akang'oa soli zote mbili, akakata nyingine, akaweka kipande cha ngozi laini ubavuni. Alifumua mshono wake wa zamani kwa kisu, nao haukuleta ubishi. Alipomaliza alimwita mtoto apime, akaushika mguu ili auingize. Ulikuwa wa moto, una vumbi, na ulitekenyeka. Ukamponyoka mara mbili, mwenye mguu akicheka. Miguu ya watoto wake alikuwa ameijua usingizini tu, haitekenyeki. Alibaki ameshika kisigino muda mrefu kidogo kuliko kazi ilivyohitaji.

"Kinabana?"

"Hapa."

"Wapi hapa?"

"Sasa hakibani. Niachie, babu."

Akamwachia. Mtoto akaenda moja kwa moja kwenye tope la chini ya bomba. Fundi aliinuka amzuie, akamwona mkewe anamtazama, akakaa tena.

Asubuhi alikwenda stendi na gunia, akamngoja muuza mitumba.

"Nitavitia soli mpya vyote," alimwambia. "Vingi vitapona. Viuze leo leo, visilale."

"Jana si ulisema vimekufa?"

"Jana nilikuwa na homa."

"Na yule fundi aliyevishona, mwenye kuua nyoka?"

"Huyo mwache," fundi simu alisema. "Ndiyo kwanza anajifunza."

Fundi alimeza hilo kama misumari. Akaketi, akavuta mguu wa chuma wa kugongea viatu, akaanza na vya kitinda mimba, vilivyokanyagwa nyuma. Kabla ya mchana walikuwa wamesimama mbele yake baba mmoja na mwanawe, na mtoto amevivaa vile vya kitinda mimba, vilivyotoka kununuliwa kwa muuza mitumba, amekakamaa kama amesimama juu ya glasi.

"Anaogopa kuvichafua," baba alisema.

Fundi alivitazama viatu, halafu akamtazama mtoto usoni.

"Kanyaga," alimwambia. "Hapo penye maji. Kanyaga kwa nguvu."